Msimamizi Mmoja Tu

Jumatatu, 4 Machi

Kaka ameleta mtu wa kutuuzia mfumo wa wateja. Kijana nadhifu, tai nyekundu, kompyuta nyembamba kama sahani. Nimeshambatiza: Bwana Slaidi. Katuonyesha vimraba vya rangi ukutani hadi chai ikapoa. Mteja akiingia yadi anaandikwa, anakumbushwa, anatakiwa heri siku yake ya kuzaliwa. Kila kitu kinajiendesha chenyewe. Kaka anaitikia tu, macho yanang'aa.

Si kwamba naukataa mfumo. Mimi ndiye niliyeulilia mwaka mzima! Mteja mmoja anapigiwa mara mbili, mwingine hapigiwi kabisa, anaenda kununua gari kwa jirani. Lakini nikauliza: nani anaona nini? Bwana Slaidi akakohoa. Akasema mfumo huu una msimamizi mmoja tu. Huyo anawaona wateja wote na kuwagawa. Wengine wanaona wale waliogawiwa.

Msimamizi nani? Kaka, bila shaka. Hata hakunitazama.

Yadi hii baba alituachia sote wawili. Yeye akachukua ofisi yenye feni, mimi nikachukua jua. Sikulalamika. Sasa hata wateja niliowatafuta mwenyewe, nisubiri kugawiwa? Thubutu!

Jumatano, 6 Machi

Nimepata mfumo mwingine. Mdogo, hauna mbwembwe, haumtakii mtu heri ya chochote. Unaandika mteja, gari alilolipenda, siku ya kumpigia. Basi. Na unakubali wasimamizi wawili! Niliujaribu huku namsubiri mteja aliyekuwa chini ya gari anatafuta kutu.

Nikamwonyesha kaka. Akasema unaonekana wa kuuzia sabuni. Nikamwambia tuna magari kumi na kitu, si bandari. Akanuna.

Jioni mama akapiga simu. Kaka kanitangulia huko, najua. Mama anasema nimwachie, ni mkubwa wangu, mambo ya kompyuta yasituvuruge. Nikamsikiliza kwa heshima hadi akamaliza.

"Mama, simnyang'anyi chochote," nikamwambia. "Nataka kile baba alichoniachia."

Akasema haya mwanangu, akakata. Nimeumia. Ila maneno yangu siyarudishi.

Alhamisi, 7 Machi

Kaka anataka namba zote za kwenye simu yangu ziingizwe kwenye mfumo wa Bwana Slaidi, eti majaribio. Nimekataa. Kauliza kwa nini. Kwa sababu nimekataa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeibiwa mchana kweupe!

Nilitoka na mteja kujaribisha gari, simu nikaiacha ofisini inachaji. Paswedi kaka anaijua — mwaka aliozaliwa baba, angekosaje kuijua? Narudi, namkuta Bwana Slaidi anafunga kompyuta yake, katabasamu hadi masikioni. Namba zote zimeingia. Na mfumo, kwa uungwana wake, umeshamtumia kila mtu meseji ya kumkaribisha.

Nikatafuta kiti.

Maana mimi wateja siwaandiki kwa majina. Majina yanafanana, yananichanganya. Mtu namwandika nilivyomwona. Kwa hiyo: "Mpendwa MKONO WA BIRIKA GARI JEUPE, tunathamini imani yako." "Mpendwa MARINGO MIWANI, tunathamini imani yako." Na yule mama mstaarabu anayekuja kutazama gari lile lile na kuahidi kurudi: "Mpendwa KESHO KESHO." Fundi wetu kasoma ya kwake, MIKONO GRISI, akacheka hadi spana ikamdondoka.

Kisha simu ya kaka ikalia mezani. Akasoma. Mpendwa BOSI WA FENI.

Bwana Slaidi akaanza kukusanya nyaya zake. Kaka akasema nimemwaibisha mbele za watu. Mimi! Nikamwambia aliyepekua simu ya mwenzake asimlalamikie mwenye simu. Nikaizima, nikarudi juani kupanga magari. Kwa yule mama naona haya, kweli. Kwa wengine, wala!

Jumamosi, 9 Machi

Nimewasha simu asubuhi. Mkono wa Birika ndiye wa kwanza: hana kinyongo, ila kwa kuwa tumeshamtangaza kuwa bahili, anataka punguzo kwenye gari la mkewe. Maringo Miwani ametukana. Kesho Kesho kimya. Huyo ndiye anayeniuma.

Kaka kajaribu kuwapigia mwenyewe. Mfumo wake ghali unamwonyesha majina yangu tu, hajui nyuma yake kuna nani. Kampigia Maringo akamwita bwana. Ni mwanamke! Fundi kanisimulia akijishika mbavu.

Saa nne hivi kaka akatoka ofisini, akaja hadi niliposimama, jua linampiga usoni. Akaongea polepole.

"Wapigie, mdogo wangu. Wewe ndiye wanayekujua."

Nikasema nitampigia kila mmoja, nitaanza na Kesho Kesho, na nitaomba radhi kwa moyo wote. Lakini kwanza tunaingia kwenye mfumo wangu mdogo, wasimamizi wawili, yeye na mimi. Akasema tumalize hili kwanza, ndipo tuongee.

"Hapana. Tuongee kwanza, ndipo tumalize."

Alidhani natania. Nikaingia ofisini kabla yake.

Naandika haya hapa hapa, kwenye kiti cha wageni. Yeye yuko mbele ya kompyuta, mfumo mdogo umefunguka. Jina lake kaliandika, msimamizi. Langu kaliandika chini yake, na kwenye cheo kaweka "mauzo". Nimetikisa kichwa. Kafuta. Sasa nafasi iko wazi, na vidole vyake viko juu ya herufi, havishuki. Anasema mama ataonaje. Nimemwambia mama ataona majina mawili.

Simu ya mezani inalia, mteja bila shaka. Ananitazama mimi. Sipokei.