Manyoya Kumi na Moja Meupe

Nambari 9, Mtaa wa Chapel,
Hoyle Royd, Yorkshire.
14 Novemba 1961

Mpendwa shemeji Clarence,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Maureen na watoto, na kwamba jua la huko Australia halijawachosha. Mimi mwili ni mzima. Huku ni mvua na ukungu, kama ulivyotuacha.

Telegramu ilikwisha kukuambia kuwa ndugu yako Wilf ametutoka. Tulimzika Ijumaa, karibu na mama yenu. Vumbi la makaa lilikuwa limemaliza mapafu yake. Mwishoni hakuwa na pumzi hata ya kuzima kiberiti.

Chama cha wafugaji sungura hakikuleta shada la maua mazishini. Binamu yenu Doris atakuandikia sababu kwa raha zake zote, kwa hiyo afadhali uisikie kwangu.

Wilf alianza kufuga sungura mgodi ulipomrudisha nyumbani kwa ajili ya mapafu. Mzee Lumb wa chamani alimwambia aanze na wachache, majike wawili na dume mmoja, wale wa Kiholanzi, weusi nyuma na weupe mbele. Mwaka wa kwanza aliwalisha kabichi kupita kiasi, watoto wao wakaharisha wakafa wote, naye akalia jikoni. Mwaka wa tatu akazaliwa jike aliyemwita Duchess, mstari wa mgongoni, pale weusi unapokutana na weupe, umenyooka kama wa rula. Kila siku alimweka mezani akimzoeza kutulia. Daktari alikwisha kumhesabia miezi. Wilf alitaka kadi moja tu nyekundu ya mshindi kwenye maonyesho ya chama kabla hajafa.

Asubuhi ya maonyesho, Wilf akiwa ananyoa ndevu, niliona manyoya meupe yamechomoza kwenye weusi wa ubavu wa Duchess. Nikachukua kibano changu cha nyusi, nikayang'oa. Yalikuwa kumi na moja. Nilidhani ni usafi tu, kama kumpangusa mtu vumbi begani. Sikujua kuwa kwa wafugaji kuficha kasoro hivyo ni udanganyifu.

Mwamuzi alipuliza manyoya, akaona vidoti vyekundu kwenye ngozi.

"Nani kamnyonyoa huyu?"

Nilikuwa nyuma na birika la chai mkononi. Wilf alinitazama mara moja.

"Mimi."

Walifuta jina lake daftarini palepale. Tukitoka, mtu akampazia Wilf sauti kwa jina la ukoo, "Thackray, mwakani lete kuku, kunyonyoa umeshajua!" Wilf alicheka, akakohoa, akaegemea ukuta. Nikafungua mdomo nimwambie.

"Jifunge shali, Enid, baridi hiyo," akasema.

Aliishi wiki tisa baada ya hapo, na sikusema. Niliogopa, Clarence. Naona haya hata kuliandika.

Jana nilikwenda kwa mzee Lumb nikamweleza yote. Alinisikiliza mlangoni, kofia mkononi. "Bi Enid, mwache apumzike. Watasema mjane anamsafishia mumewe jina." Hata yeye hakuniamini. Jumamosi wana mkutano. Nitasimama niseme hivyo hivyo.

Nisalimie Maureen, na Alan na Judith, na shangazi Edie akifika kwenu Krismasi.

Ndani ya bahasha kuna karatasi iliyokunjwa. Ni manyoya niliyoyakuta kwenye mfuko wa aproni ya siku ile. Ni tisa, mawili yamepotea. Yahesabu, kisha uniamini kwa hayo mawili.

Mungu awalinde huko mliko, asiwaonyeshe siku kama zangu.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, niliyenyamaza,
Enid