Kiti Kimoja, Mtu na Mkwewe

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Nimeandikisha jina! Nagombea baraza la wazazi shuleni kwa mwanangu Atheer, hapa hapa mtaani kwetu Ansab. Mimi Nadra, ambaye kwenye mikutano hukaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Lakini leo, siku ya kwanza ya wiki ya shule, mtoto karudi na damu ya pua imemkaukia kwenye kola. Ana miaka saba tu. Saa saba mchana wanasubiri basi uani, jua la utosi, hata turubai hakuna. Nataka kivuli pale. Kivuli tu, sina siasa nyingine.

Nimemwambia mkwe wangu, Bi Mahfoudha, tunayekaa naye. Kaguna. Ati wao walikwenda chuoni kusoma Kurani kwa miguu, jua kali, na hakufa mtu. Kisha kaniuliza kura nitaziombaje. Nikasema nitatuma ujumbe kwenye grupu la kina mama. Kacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Jumanne, 7 Oktoba

Fedheha! Tulikwenda mtaa wa Hamriya kutoa mkono wa pole, jirani yetu wa zamani kafiwa. Natafuta pa kukaa, namwona mkwe keshajibana kati ya kina mama wawili wa shule yetu, tende mkononi, ananong'ona. Nikadhani anawaliwaza. Kumbe ananiombea kura! Matangani!

Nikamfinya. "Nyamaza wewe," kaniambia. "Wamekusanyika wenyewe, sikuwaita mie."

Alhamisi, 9 Oktoba

Simu hazinyamazi. Mama mmoja ananishukuru kwamba nitawapunguzia watoto kazi za nyumbani. Wa pili anafurahi kwamba nitaziongeza. Zakiya, yule muuguzi ambaye mwanawe yuko darasa moja na Atheer, anauliza bwawa la kuogelea litaanza kuchimbwa lini. Bwawa!!

Nimemkabili mkwe. Kasema kila mtu kamsikiliza kwanza, kisha kampa anachokitaka. "Kwani kuahidi kuna ushuru?"

Na kivuli je? Hakumtajia mtu. Ati kasahau. Hakusahau — haoni kama kina maana. Nimekasirika kweli. Chakula cha usiku nimekula peke yangu jikoni.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kaniletea mkate wa kumimina, wa moto. Sisemi naye. Mkate nimeula.

Jumatatu, 13 Oktoba

Naandika nimejifungia choo cha shule. Sinki zote za kitoto, zinanifika magotini. Afadhali huku kuliko ukumbini.

Ilikuwa hivi. Mkwe kaja kama mlezi wa Ayman, mtoto wa wifi yangu, naye anasoma hapa; mamake yuko kazini mji wa Sohar. Kwa hiyo naye ana kura. Tulifika kabla watoto hawajaondoka, nikamwacha uani na Atheer wangu, basi limechelewa, nikatangulia ndani. Alipoingia uso umemwiva. Kanipokonya chupa ya maji, kaimaliza yote. Kajipepea kwa mtandio.

Nikasimama, nikaeleza habari ya kivuli. Wakapiga makofi ya adabu. Kisha Zakiya kanyanyuka: anampendekeza Bi Mahfoudha! Ukumbi mzima vigelegele. Bila shaka, nusu yao wanangoja bwawa. Mkwe kajishika kifua, "Mie?" Lakini hakukataa. Hakukataa!!

Tukapiga kura. Yangu nimejipigia mwenyewe. Yeye kampigia nani, Mungu anajua. Zikahesabiwa: zimelingana! Mwalimu mkuu anasema kiti ni kimoja, mmoja wetu amwachie mwenziwe, la sivyo turudie. Watu wote wakatugeukia. Nikaomba ruhusa, nikakimbilia huku.

Sasa nifanye nini? Nikimwachia, mwanangu ataendelea kuungua pale uani, na mwenye kiti atakuwa bibi yake ambaye jua halioni kuwa ni jambo. Nisipomwachia, nitarudi vipi nyumba moja naye, tena yeye ndiye anayejua funguo za kabati la vyombo ziliko? Na bado nakitaka kiti kile. Nakitaka, sioni haya.

Mlango unagongwa. Ni yeye.

"Nadra! Yallah, toka mwanangu, kiti chakungoja. Jua lile si la watoto. Mie nshawaambia neno langu."

"Umewaambia nini, Mama?"

Anacheka huko nje, taratibu. Kicheko hicho nakijua. Keshamwahidi mtu kitu.