Kikombe Changu cha Togwa

Mama Beno,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikaweka kalamu chini, nikawa kama nasubiri marahaba yako, ile uliyokuwa ukiivuta mpaka watoto wa darasa la kwanza wanaangua kicheko. Haikuja. Basi naendelea hivyo hivyo.

Shule imefunguliwa. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo swali lako la mwisho pale kwenye kambi ya wagonjwa, kabla sauti haijakukauka. Ulitaka kujua itafunguliwa lini ili wazazi waambiwe mapema. Nilikujibu sijui. Sasa najua: ni Jumatatu iliyopita. Mpunga umekwisha kuvunwa, watu wamerudi mjini kutoka ng'ambo ya mto, na Ifakara imejaa baiskeli zilizobeba magunia. Mwalimu mkuu ameweka pipa lenye bomba nje ya madarasa, kila mtoto ananawa kabla ya kuingia. Kiti chako kipo ofisini. Hakuna aliyekikalia, wala hakuna aliyesema kisikaliwe. Daftari lako la mahudhurio ninalo mimi.

Siku tuliyofunga shule, mwalimu mkuu alibandika tangazo mlangoni: shule imefungwa kwa sababu ya kipindupindu, wazazi watajulishwa. Ulilisoma mpaka mwisho, ukauliza nani atalisoma, mbuzi? Maana ilikuwa masika, na masika nyumba nyingi za mjini hubaki na kufuli. Watu wamehamia shambani, wanalala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, wakilinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Watoto nao wakawafuata huko mara tulipofunga. Ukachukua daftari la mahudhurio, na mbele ya kila jina, mahali pa kuweka alama ya kuwepo, ukaandika shamba la kwao liko wapi. Kisha ukauliza nani anakwenda nawe. Mimi nilikuwa na miezi mitatu tu shuleni, mtoto wa Mlimba, naogopa maji na naogopa ugonjwa. Nilinyoosha mkono kwa sababu ulikuwa unaniangalia mimi.

Ile kazi, Mama Beno. Baiskeli mpaka kivukoni, mtumbwi, halafu matope mpaka magotini, viatu mkononi. Kapu lako lilikuwa na pakiti za chumvi na sukari za kuwapa wanaoharisha, na karatasi za hesabu ulizoandika kwa mkono wako, kila darasa na zake. Lakini kitu kilichowafanya watu washuke kwenye madungu na kuja kutupokea kilikuwa habari. Wengi walikuwa na ndugu aliyepelekwa kambi ya wagonjwa na hawakujua kama yu hai. Wewe ulipita kambini kila asubuhi kabla ya kuvuka, ukauliza mmoja mmoja. Nakumbuka yule baba uliyemwambia mkewe amekaa kitako na amegombana na nesi. Alikaa kwenye tope akacheka, akalia, akacheka tena.

Walikuwa wanaficha wagonjwa, hilo tulilijua. Bwana afya alikuwa anakuja na chokaa, anauliza maswali akiwa amesimama mbali, kisha mikeka inachomwa. Watu wakasema kambini ni njia ya kwenda tu. Ndiyo maana ukawaahidi kwamba neno watakalokuambia halitafika kwa bwana afya, na kwamba mgonjwa utampeleka wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Na ndiyo maana ulikula. Kila dungu tulilopanda ulikula, japo tonge moja. Nilipokuuliza kama huogopi, ulinijibu, "Neno linafuata tonge, mwanangu. Nikikataa chungu chao, nitawaambia nini wakanisikia?" Ulichagua vya moto. Ulijua hatari, ulikuwa unaifundisha kila siku. Ila penye cha baridi tu, hukukataa.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Ilikuwa Ijumaa, tuko katikati ya Kwaresima. Bibi Filomena, yule anayelea wajukuu wanne, wote wanafunzi wetu, alitupokea na togwa, ule uji wa kimea unaonywewa baridi. Vikombe viwili vya bati, vimejaa mpaka juu. Togwa ilikuwa nzito, na mbele ya macho yetu akaichanganya na maji ya mtungini ili tunywe vizuri. Niliyaona yale maji yalikuwa na rangi gani. Nikamwambia, "Bibi, nisamehe, leo nimefunga." Mimi, niliyekula mihogo ya kuchemsha nyumbani kwako asubuhi ile ile, sahani nzima, ukanishika mkono ukisema nakuachia maganda.

Bibi alikiangalia kikombe changu, kisha akaniangalia mimi, na nikajua ameelewa. Wewe ulikuwa umeshamaliza chako. Ukanyoosha mkono, ukachukua na changu, ukasema mtoto akifunga mama yake hunywa mara mbili. Bibi akacheka. Tukaongea naye vizuri, akakubali kuchemsha maji ya kunywa, akatuonyesha hata sufuria atakayotumia.

Kwenye mtumbwi hukunigombeza. Ulisema Mungu amesikia nimefunga, basi nifunge kweli, na ukaninyima karanga zako mpaka tukafika mjini. Nilikasirika kwa ajili ya karanga. Fikiria. Hicho ndicho nilichokuwa nakiwaza, karanga.

Jumatatu ulianza kuharisha. Nilikubeba nyuma ya baiskeli yako mwenyewe, umenishika kiunoni, na kila mita chache ulikuwa unaniambia nisikimbize, nitakuangusha. Ulikuwa mwepesi. Mchana mmoja tu ulikuwa umekufanya mwepesi hivyo.

Bwana afya alikuja kitandani na daftari lake, akakuuliza siku zile umekula wapi na umekunywa wapi. Ukajibu, "Kwangu tu." Ukaniangalia. Ni lile jicho ulilokuwa unawanyamazishia watoto wa darasa la tano, na mimi nikanyamaza kama wao. Nilijua unatunza ahadi yako. Ulijua ukitaja dungu la Bibi Filomena, kesho chokaa itafika kwake, na habari itazagaa mto mzima kwamba mwalimu ni wa bwana afya.

Lakini mimi sikunyamaza kwa ajili ya ahadi yako. Nikisema hivyo nitakuwa nakudanganya, na kumdanganya mtu aliyelala ni vibaya zaidi. Nilinyamaza kwa sababu nikilitaja dungu, nitataja na vikombe. Ningeulizwa mbona mwenzako mgonjwa na wewe mzima, na ningelazimika kusema ni nani aliyekunywa sehemu yangu. Nilijificha nyuma ya ahadi yako, Mama. Ndivyo ilivyokuwa.

Ulikufa Jumanne kabla ya jua kuzama. Hawakuturuhusu kukuosha. Beno alipofika kwa treni kutoka Dar es Salaam ulikuwa umeshazikwa, na tulikuwa watu tisa makaburini, tumesimama mbalimbali. Hakuna matanga. Hakuna aliyempa mwanao mkono, maana mikono ilikuwa imekatazwa, na wewe ndiye uliyetufundisha kusalimiana bila kushikana. Alisimama na mikono yake imening'inia, hajui aipeleke wapi. Baadaye akanipa baiskeli yako. Akasema huko Dar es Salaam hana pa kuiendesha. Nadhani hakutaka kuiona.

Siku nane nilikaa ndani. Siku ya tisa nikachukua kapu lako.

Kwa Bibi Filomena nilifika mchana. Hakuwa na habari yako. Alikuwa anachungulia nyuma yangu akikutafuta, akauliza mama yangu yuko wapi. Nikauliza habari za watoto. Akasema wazima wote, wako shambani wanafukuza ndege. Nikasikiliza. Sauti zilikuwa tatu, na kwenye dungu, pale alipozoea kukaa mjukuu wake Anjela, wa darasa la tatu, palikuwa na khanga imetundikwa mlangoni mchana kweupe. Nikamuuliza tena. Akasema wazima. Kisha akaniletea togwa, kikombe kimoja, kile kile cha bati, akakiweka mbele yangu akakaa kunitazama.

Nilitamani kunywa. Nakuapia. Nilitamani kunywa ili yaishe yote, tuwe sawa mimi na wewe. Mkono ulishafika kwenye kikombe. Halafu nikafikiri, nikianguka mimi, nani ataifungua ile khanga?

Nikamwambia yote. Kwamba siku ile sikuwa nimefunga. Kwamba niliogopa maji yake. Kwamba ulikunywa changu ili asione aibu yeye, wala nisione aibu mimi. Kwamba umekufa. Na kwamba sijui kama ni togwa yake, maana ulikula kwa watu wengi, hakuna atakayejua mpaka kiama, ila nisingeweza kukaa pale nikamficha.

Nilisikia watoto wanapiga madebe kufukuza ndege. Alichosema Bibi ni kimoja tu: "Kumbe ndiyo maana alikunywa viwili." Akachukua kikombe, akakimwaga chini, taratibu, mpaka tone la mwisho. Akainuka akavuta khanga. Anjela alikuwa amelala, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Bibi akaniambia, "Mchukue. Mimi nakuja nyuma."

Tulianza na pakiti palepale, kwa maji niliyoyachemsha mwenyewe na kuyapoza kwa kuyamimina sahani hadi sahani, kijiko baada ya kijiko, na tukaendelea hivyo kwenye mtumbwi. Kambini akatundikiwa dripu. Nilikaa naye. Bwana afya alipokuja na daftari lake, nilimtazama Bibi kwanza. Bibi akaitikia kwa kichwa, akamwambia mwenyewe wapi, lini, na maji gani. Nikaongeza na yako. Nilimwambia na kikombe changu. Aliandika bila kuniangalia, kisha akaenda ng'ambo na dawa ya kutia kwenye mitungi, na safari hii alipanda madungu akiongozana nami, akakaa chini akasalimia wazee. Si mtu mbaya. Alikuwa anaogopa kama mimi.

Anjela yuko hai. Jumatatu alikuwa wa kwanza kwenye pipa, anawasukuma wenzake.

Na bado nimekukasirikia. Lazima nikuambie, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Ungesema pale kitandani, dawa ingefika kwenye ule mtungi zaidi ya siku tisa mapema. Huenda yule mtoto asingeugua kabisa. Nasi tusingewapoteza wale watoto wawili wa dungu la jirani, ambao majina yao yapo kwenye daftari lako na sikuweza kuyaita Jumatatu. Niliyapita. Darasa zima likajua nimeyapita. Wema wako ulikuwa mkubwa, Mama Beno, lakini ulikuwa na upofu kidogo, na woga wangu ukaja ukakaa juu yake. Nakukasirikia, halafu nalia, halafu nakumbuka zile karanga.

Jana Jumapili baada ya misa, Bibi Filomena alikuja kwangu na Anjela. Ameniletea mchele mpya kwenye kapu. Akaniambia, "Nimekuletea usiopikwa. Upike mwenyewe, roho yako itulie." Aliusema utani huo bila kucheka, ila nilimjua. Nikapika. Anjela akatunawisha kwa maji ya kumiminwa, tukala sinia moja sote watatu. Tulipomaliza Bibi akafungua dumu. Togwa. Akasema maji ameyachemsha, hakuongeza mengine. Akaniomba vikombe. Nikatoa vitatu, naye akasema lete na kingine.

Akamimina vyote vinne. Viwili akaviweka mbele yangu, pamoja, kama vilivyokuwa siku ile. Hatukutazamana. Nikanywa changu. Kisha nikanywa na chako.

Sasa nakuaga, mama yangu. Kengele ya vipindi vya mchana inakaribia na mimi ndiye ninayeipiga siku hizi. Masika yatarudi, watu watavuka tena, na daftari lako litavuka nao, nimeshaanza kuandika nani analima wapi mwaka huu. Nitapanda madungu yote. Nitakula kwao. Na siku nikiulizwa nimekula wapi, nitasema.

Mwanao,
Editha