Saa ya Kompyuta Ilikuwa Nyuma Siku Mbili

Jumanne, 5 Julai 1994

Mock imevuja! Karatasi ya Physics – yangu mimi, niliyoitunga wiki tatu – imekutwa kwa wanafunzi wa shule tatu kabla ya siku yake. Headmaster, Bwana Ndeti, ametuita staffroom saa ya chai. Chai imepoa kwenye vikombe. Mtihani huu wa majaribio wa kanda nzima ulichapwa hapa kwetu kwa sababu ni sisi tu wenye kompyuta, kwa hivyo mwizi ni wetu. Ndivyo alivyosema, na hapo hakukosea.

Mwenye duka la kuchapa karatasi huko Mwingi ameleta disketi. Ati iliachwa kwake na mtu asiyemkumbuka. Headmaster alikuwa ameshaitia kwenye stapler aibane na barua ya maelezo! Nilimnyang'anya.

Kiilu, deputy wake, akasema tuifungue hiyo faili tuone ndani. Nikakataa. Nikasukuma kile kiplastiki cha pembeni ili disketi isomeke tu, isiandikike. Ukifungua faili ovyo na kuihifadhi tena, tarehe yake inabadilika, na tarehe ndiyo shahidi. Niliwahutubia kama Form One. Nilijisikia vizuri sana, sitaficha.

Tukatazama orodha tu. Faili ilihifadhiwa kwenye disketi Alhamisi tarehe 16 Juni, saa kumi na dakika arobaini jioni. Wote wakamgeukia Mbula, typist wetu. Alhamisi jioni huwa peke yake kwenye chumba cha kompyuta.

Jumatano, 6 Julai

Disketi iko kwenye bahasha. Sahihi yangu, sahihi ya headmaster, lakiri juu yake. Nakala moja nimefungia kabatini. Nimeandika nani ameishika na saa ngapi. Kazi safi.

Mbula amesimamishwa. Board ya shule itakaa Alhamisi ya wiki ijayo, na wakimpata na hatia anapelekwa polisi siku hiyo hiyo. Ana mtoto wa miaka minne na mama mgonjwa. Hakulia. Aliniuliza tu kama hiyo tarehe haiwezi kukosea. Nikamwambia mashine haina sababu ya kusema uongo. Mimi na mdomo wangu!

Ijumaa, 8 Julai

Stima ilipotea saa tano, ikarudi saa sita. Kompyuta ilipowaka ilisema ni saa tano na dakika mbili. Nikabaki nimesimama.

Betri yake ya ndani ilichoka zamani, inatosha kuikumbuka saa tu, si kuiendesha. Stima ikienda, saa yake inalala. Stima ikirudi, inaendelea pale ilipoachia. Ndiyo maana niliagiza isizimwe kamwe. Na wiki ile ya Juni, stima ilipotea kuanzia Jumanne mpaka Alhamisi. Siku mbili nzima! Kwa hivyo Alhamisi ya kompyuta ilikuwa Jumamosi ya watu.

Jumamosi ile Mbula alikuwa Kasikeu akimzika shangazi yake. Headmaster mwenyewe ndiye aliyempa ruhusa. Watu mia tatu walimwona kaburini.

Na mimi Jumatatu yake nikairekebisha ile saa. Sipendi saa mbaya. Niliirekebisha kwa mkono wangu huu.

Jumamosi, 9 Julai

Nimeenda Mwingi kwa Rashid Shee, fundi aliyetuletea hiyo kompyuta. Mtu mpole, anasikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama, kabla ya kuirekebisha saa, niliandika mahali ilikuwa nyuma kiasi gani. Nikasema sikumbuki. Alitikisa kichwa. Saa iliyokosea haiguswi, alisema, kosa lake ndilo linaloandikwa kwanza.

"Umeosha kisu cha muuaji, Mwalimu."

Nimerudi na maneno hayo njia nzima. Nimeilinda ile bahasha kama yai, na ndani yake nimelinda uongo. Tena kwa lakiri!

Jumapili, 10 Julai

Niliandika. Nimeikuta baada ya kanisa, humu humu kwenye daftari hili, Ijumaa tarehe 17 Juni. Nanakili kama ilivyo:

"Saa ya kompyuta iko nyuma siku mbili kamili, nimelinganisha na redio. Nitarekebisha Jumatatu. Kiilu ameomba ufunguo wa chumba cha kompyuta kwa kesho, ati ana barua ya haraka. Nimempa. Mimi kesho kwa Ndululu, nimechoka kuwa mtakatifu!"

Ndululu anauza pombe nyuma ya soko la mifugo. Mimi nilisimama mbele ya kanisa mwaka wa 1991 nikasema pombe basi, na Kaluki, mke wangu, alilia kwa furaha mbele ya watu wote. Shule hii ni ya kanisa. Mwalimu akikutwa na pombe anafukuzwa, hakuna onyo. Na ukurasa unaofuata ni mbaya zaidi – jinsi nilivyolala kwenye kichaka, jinsi nilivyomwambia Kaluki ni semina. Na Jumatatu nikajaza kitabu cha ufunguo kwamba wikendi yote ulikuwa mkononi mwangu. Mimi, niliyebandika sheria mlangoni kwamba ufunguo haupewi mtu.

Nimekaa hapa nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Ukurasa mmoja! Unamwokoa Mbula na unanizika mimi, na kati ya mstari na mstari hakuna hata nafasi ya kupitisha rula.

Jumatatu, 11 Julai

Nimemkabili Kiilu nyuma ya maabara. Nilimwambia najua mtihani uliibwa Jumamosi, na ufunguo alikuwa nao yeye. Hakubadilika uso. Alinikumbusha kwamba walinzi huzungumza, na kwamba kuna mtu alinisaidia kuamka kichakani.

"Na kitabu cha ufunguo kinasema ulikuwa nao wewe," alisema. "Ni mwandiko wa nani ule?"

Akaenda kufundisha C.R.E. Shetani huyu atafundisha Amri Kumi na sauti yake haitatetemeka. Namchukia. Na mwandiko ni wangu.

Jumatano, 13 Julai

Nimemwambia headmaster kuna maandishi yangu ya Juni kuhusu saa. Sikusema zaidi. Nikauliza kama naweza kuleta ule mstari tu, nimeunakili vizuri kwa taipu. Hapana. Ukurasa wenyewe basi, niukate? Akaniangalia juu ya miwani.

"Si ni wewe uliyetufundisha kitu kisiguswe? Leta daftari zima."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Sasa umefika kwangu.

Kaluki ameniuliza mbona siongei. Nimesema ni malaria.

Alhamisi, 14 Julai

Benchi nje ya ofisi. Board wameanza na sala, namsikia Pastor Musembi, mwenyekiti, kupitia mlango. Anaombea ukweli ujulikane. Daftari liko magotini, zima bado. Wembe uko mfukoni, sitajidanganya.

Mbula amekaa upande wa pili na nguo yake ya kanisani. Nimemweleza kuhusu saa na kuhusu ukurasa. Alifumba macho kidogo. Akasema alijua, alijua Mungu hawezi kumwacha. Kisha akaniona uso, akauliza chini ya huo mstari kumeandikwa nini. Nikasema ni mambo yangu. Akasema kwa sauti ya chini.

"Basi kata huko chini, Mwalimu. Wakiuliza, nitasema niliuona kabla haujakatwa na haukuwa na kitu kingine."

Huyu ndiye tuliyemwita mwizi! Wiki nzima amekataa kusema hata neno moja la uongo ili ajiokoe, na sasa yuko tayari kulisema ili aniokoe mimi. Mimi niliyemwambia mashine haisemi uongo. Nimeinamia daftari naandika ili nisimtazame.

Kiilu amepita, ameingia bila kubisha. Amelitazama daftari, si mimi.

Sala imeisha. Viti vinavutwa. Ni saa tatu na dakika hamsini, kwa saa ya mkono wangu, niliyolinganisha na redio asubuhi. Atakayesoma hapa ajue mistari hii nimeiandika leo, si siku ile ya Juni. Ufunguo nilimpa Kiilu. Kitabu cha ufunguo nilikijaza uongo. Jumamosi ile nililewa. Mke wangu hajui, na sitaki asikie kutoka kwa –

Mlango umefunguliwa. Wameita Mbula kwanza. Anaingia bila daftari; limebaki magotini mwangu, zima.