Wadudu Wako Wamenyamaza

Kwako Mwana Zuena, mke wangu uliyeniacha na mdomo huu bila wa kuukemea,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kifuniko cha kisima chetu, hapa Mishomoroni. Usicheke. Nina hofu.

Unalikumbuka lile tangi la zege la maji machafu walilotuchimbia uani, likazibwa hata hewa isiingie? Fundi alisema ndani mna wadudu wasioonekana, wanaokula uchafu bila kuvuta pumzi. Nikamwambia, "Kama mashemeji zangu." Ukanifinya. Kisha ukamuuliza lile ambalo mimi na darasa langu la nne sikuliwaza: "Maji yatakayoingia humo, mbali na ya choo chetu, mengi ni ya kuogea na ya kutawadhia yatokayo pale msikitini. Ni mepesi, uchafu wake haba. Watashiba?" Akajibu kuwa watakua polepole, lakini wakifa, kuwarudisha ni kazi.

Ukawatunza. Kila alasiri ulikaa na kikombe cha kahawa kando ya ile chupa ya maji iliyo kwenye bomba linalotoa gesi yao, ukitazama mapovu yakipanda. Nikikuuliza, "Leo wamejamba?" unanijibu, "Wewe cheka, mzee. Hao wakilala, tutakunywa uchafu wetu wenyewe." Dawa kali uliipiga marufuku. Chooni ni ufagio na sabuni ya kipande, basi.

Sasa Idi imekuja na wewe huko. Mkaza mwanetu Saumu, mtoto msafi, wallahi akiachiwa ataosha hata mwezi, alitaka wageni wakute choo kinanukia. Nilirudi kutoka kwa kinyozi nikakuta uani kunanuka hospitali. Dumu zima la dawa ya madoa limekwenda tangini.

Tangu hapo chupa kimya. Maji yanayotoka kwenda migombani yananuka kinyesi kibichi, na chini ya migomba, wajua mwenyewe, ndipo kilipo kisima. Fundi amekuja, ametia samadi mbichi ya ng'ombe, anasema tungoje wazaane upya. Pengine miezi. Nikamuuliza, "Na kisima?" Akasema hilo nimuulize bwana afya.

Ndiyo maana nimekaa hapa. Wanawake wamesimama na ndoo zao. "Babu, ondoka tuteke."

"Niondoeni. Ni zamani sijashikwa na mwanamke."

Wamecheka, lakini Bi Time wa nyumba ya pili hakucheka. "Maji yenyewe meupe haya, mzee." Kisha akawageukia wenzake: "Tangu afiwe na mkewe, akili zimemruka."

Meupe, ndiyo. Hilo ndilo baya lenyewe. Yangekuwa meusi wangeyakimbia wenyewe. Na mjukuu wako Rehema huyanywa kwa kiganja, hata kikombe hangoji.

Nimemtuma Saumu kwa bwana afya aje ayapime. Hajarudi. Jua limenipiga kichwani, mgongo unaniuma, na ndoo zinaongezeka. Wacha waniite mwendawazimu. Nikiinuka hapa, kisha mtoto mmoja akaanza kutapika, nitakuja kukwambia nini huko uliko?

Lala salama, bibiye.

Mumeo, msumbufu wako