Mugongo ya Kapinga

Likasi, hapa Panda

Kwako Mama Mapasa, dada yangu ya tumbo moja,

Jambo sana. Unaamuka je? Kifua ya mama yetu inaendelea namna gani? Na bale mapasa, bote wawili bananyonya muzuri? Huku tuko. Umeme ya barrage ya Koni inakatika-katika kila mara, lakini nguvu yangu minye haikatike.

Nimesikia maneno yako. Unasema bwana yako apande treni kuya kukamata mutoto yenu Kapinga, mwenye ulinitumia kisha kuzaa mapasa, juu jirani yangu alikupigia simu kusema mutoto halalake kwangu. Sikia vizuri: asipande. Mutoto haondoke.

Ni kweli, mwanzo alinishinda. Minye, mwenye kunyamazishaka mamba ya Lufira na jicho tu! Kisha kula bukari ya mangaribi, tukimulalisha, anaanza: "Mujomba, maji. Mujomba, mukojo. Mujomba, nani iko ku dirisha?" Nikasema, huyu ni damu ya Baluba, nimuimbie kasala, majina yote ya sifa ya bankambo betu ba zamani. Nikaitoa na sauti ya kutetemesha mabati. Ee dada! Kasala njo ya kulalisha muntu? Inaamushaka hata mufu! Kapinga akasimama juu ya kitanda, kifua mbele: "Ongeza, mujomba! Ongeza!"

Bibi yangu wa ndoa akasema, "Sasa umemuita ku vita. Wende naye."

Kisha akamuuliza mutoto pole pole: "Kwenu ku Kamina unalalaka namna gani?"

"Ku mugongo ya mama," akajibu. "Lakini mapasa balikamata mugongo."

Nikakamata kikwembe ya bibi, ile nguo ya kubebea batoto, nikamufunga Kapinga ku mugongo yangu, nikazunguka naye mu lupango ya nyumba. Bila kasala, bila hadithi, kinywa kimefungwa. Bibi anasema hiyo njo muujiza yangu ya kwanza ya kweli. Jirani, ule ule wa simu, akachungulia juu ya ukuta: "Papa Kazadi, umezaa lini?" Nikamujibu: "Leo. Na kesho nitazaa tena." Mbele ya kufika ku mupapayi, kichwa ya mutoto ikaanguka ku bega yangu. Amelala.

Sasa kila mangaribi ni vile. Avenue yote inacheka. Bacheke! Mugongo hii ilibebaka injini ya lori kutoka Buluo mpaka hapa, itaogopa kicheko?

Najua unaogopa atakusahau. Hapana. Mbele ya kusinzia anauliza: "Mujomba, mapasa bangali ku mugongo?" Basi usimutume bwana. Siku ile mapasa batashuka, kuya weye mwenyewe, na kikwembe yako mukononi. Bila kikwembe, mulango yangu haifunguke.

Unisalimie mama yetu, na shangazi mwenye kuuzisha samaki ya kukauka. Shemeji naye umusalimie sana. Umuambie tu asinunue tiketi.

Naachia hapa. Kapinga amesimama mbele yangu, ameleta kikwembe.

Minye kaka yako, mugongo ya chuma,
Kazadi