Picha ya Bega

12 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Naandika maana masikio yangu na simu hayapatani. Sijambo kidogo, ila homa, wiki ya pili sasa. Nimemeza dawa za malaria mara mbili. Asubuhi inaondoka, jioni imerudi na mizigo yake. Bega la kushoto nalo linauma, lakini hilo najua sababu: sare za shule, nimeinamia cherehani mwezi mzima. Chini ya mbavu, upande huohuo, pananichoma nikila. Usinihangaikie.

Baba yako

12 Machi

Shikamoo baba,

Nisihangaike vipi? Chini ya mbavu za kushoto ndipo ilipo bandama. Ikiwa na jipu, homa haikatiki na maumivu hupanda mpaka begani. Kazi yangu kutwa ni kuwapiga watu ultrasaundi, najua ninachosema. Kesho nenda hospitali upigwe picha. Tafadhali, usilete masihara.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Salama huko? Picha nimepigwa, safi kabisa! Wamesema bega langu ni la kijana. Sasa punguza makelele, nina sare thelathini za kumaliza.

Baba yako

14 Machi

Baba,

Leo shikamoo sitoi. Bega! Mimi nilikutuma ukapige picha ya bega? Eksirei ya bega itaonaje jipu lililo tumboni? Rudi leo hii, waambie wakupige ultrasaundi ya tumbo. Likipasuka humo ndani nitakuja kukuzika, si kukusalimia. Nisamehe ukali wangu. Mama alishatuacha, na sina mzazi wa akiba.

Mwanao

17 Machi

Baba?

Siku tatu kimya. Jirani yako hapokei simu. Nimeomba ruhusa kazini, wamekataa. Niandikie hata neno moja, jamani.

Mwanao

18 Machi

Mwanangu mpenzi,

Nipo. Simu iliisha chaji na mimi nilikuwa nimezidiwa. Nikuambie ukweli: ile siku ya kwanza tumbo sikumtajia daktari kabisa. Nilitaja bega tu, kusudi. Niliogopa watakachokiona. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi umeniumbua wewe, umewahi.

Niliporudi wakapiga tumbo: jipu lilikuwepo, kubwa kama limau. Daktari akakodolea skrini macho, akapitisha sindano ubavuni mpaka kwenye jipu lenyewe, akanyonya usaha, akaniachia kamrija ka kutolea unaobaki. Bandama yangu ninayo bado. Miaka arobaini ya ufundi, sijaona mtu anayedunga sindano sawasawa namna ile! Leo homa hakuna. Nimemaliza sahani yangu, nikamsaidia na wa kitanda cha pili.

Baba yako mwoga

18 Machi

Shikamoo baba,

Ujumbe wako umeingia nina mgonjwa kitandani, kifaa kiko tumboni kwake. Nikachungulia, machozi yakanimwagika. Mzee wa watu akanitazama, akaitazama skrini, akasema, "Binti, niambie tu. Nimebakiza siku ngapi?"

Nikamwambia, "Babu, wewe una gesi tu. Ni baba yangu, amepona!"

Akashusha pumzi, tukacheka wote wawili mpaka watu wa foleni wakagonga mlango.

Kesho nakuja, kazini wapende wasipende.

Mwanao